Mchezaji huru au mchezaji wa Japani: klabu ya besiboli imwage pesa wapi?

Majira ya baridi ya mwaka 2000, Seattle Mariners walimpoteza mchezaji mmoja na kumpata mwingine. Aliyeondoka ni Alex Rodriguez, kijana wa miaka 25 ambaye tayari alikuwa kati ya wachezaji bora wa Marekani nzima. Alikuwa ametimiza miaka yake ya kufungwa na klabu, akawa huru, na Texas Rangers wakamsainisha kwa dola milioni 252 za miaka 10, dau ambalo besiboli ilikuwa haijawahi kuliona. Aliyeingia ni Ichiro Suzuki, miaka 27, kutoka Orix BlueWave ya Japani. Mariners waliwalipa Orix dola milioni 13.125 ili wapate tu haki ya kukaa naye mezani, halafu wakampa yeye mwenyewe milioni 14 kwa miaka 3.

Msimu wa 2001 Rodriguez hakumwangusha mtu. Alipiga homurani 52, ule mpigo unaoupeleka mpira nje ya uzio. Rangers hata hivyo walimaliza mkiani mwa kundi lao, ushindi 73 na vipigo 89. Mariners, bila yeye, wakashinda mechi 116 na kuifikia rekodi iliyowekwa na Chicago Cubs mwaka 1906. Ichiro alipata mipigo salama 242, akachaguliwa mchezaji bora wa ligi na chipukizi bora wa ligi kwa mwaka mmoja.

Msimu mmoja hauthibitishi kila kitu, na mchezaji mmoja hawezi kubeba timu nzima. Lakini wale wawili wanaliweka wazi swali ambalo kila klabu ya Ligi Kuu ya Marekani hujiuliza Novemba ikifika: pesa iliyopo iende kwa mchezaji huru wa hapa nyumbani, au ivuke bahari ya Pasifiki? Msimamo wangu nautoa mapema. Kwa klabu inayojenga timu ya miaka mitano au sita, ningeanzia Japani. Kwa klabu inayokosa mtu mmoja tu ili itwae ubingwa mwaka huu, ningeingia soko la wachezaji huru na kulipa bei bila kusita. Sababu zipo kwenye umri, kwenye kodi, na kwenye namna kila njia inavyogawa pesa.

Mchezaji huru: unanunua unachokijua

Anayetoka kwenye soka anahitaji kujua jambo moja kwanza. Besiboli ya Marekani kwa kawaida haina ada ya uhamisho. Klabu hubadilishana wachezaji, na mchezaji hana sauti kubwa hadi atimize miaka 6 ya utumishi katika ligi kuu. Mwaka mmoja wa utumishi ni siku 172. Akifikisha sita na mkataba wake ukaisha, yuko huru, anasaini anakotaka.

Uhuru huo haukuja bure. Kwa miongo mingi kifungu kimoja cha mkataba kilimfunga mchezaji kwa klabu yake maisha yote ya uchezaji. Curt Flood wa St. Louis Cardinals alipopelekwa Philadelphia Phillies kwa kubadilishana wachezaji mwaka 1969, alikataa kwenda na akaifikisha ligi mahakamani. Mwaka 1972 Mahakama Kuu ya Marekani ilimnyima ushindi kwa majaji 5 dhidi ya 3. Mlango ulifunguliwa Desemba 1975, pale msuluhishi Peter Seitz alipoamua kwamba warushaji (wale wanaomtupia mpigaji mpira) Andy Messersmith na Dave McNally, waliopitisha mwaka bila kusaini mkataba mpya, hawakuwa mali ya mtu. Kila mkataba mnono unaousoma leo unatoka kwenye uamuzi ule, na Flood anastahili kukumbukwa kila mara mchezaji anapomwaga wino.

Sasa piga hesabu ya umri. Kijana anachaguliwa kutoka chuo akiwa na miaka 21, anakaa ligi ndogo miaka miwili au mitatu, anapanda ligi kuu akiwa na 24, anatumikia miaka 6. Anaingia sokoni akiwa na 30 au 31, na wakala wake anataka mkataba wa miaka 7, 8, hata 10. Klabu iliyomlea imeshakula nyama. Mnunuzi anauziwa mchuzi kwa bei ya nyama.

Mfano unaouma zaidi ni Albert Pujols. Miaka 11 akiwa na St. Louis wastani wake wa kupiga ulikuwa .328, yaani mipigo salama 328 katika kila majaribio 1000, na alitwaa tuzo ya mchezaji bora mara tatu. Desemba 2011, akikaribia kutimiza miaka 32, Los Angeles Angels walimpa dola milioni 240 kwa miaka 10. Kwao wastani ulishuka hadi .256, na walimwachia kabla mkataba haujaisha. Pujols hakuwadanganya. Walilipa bei ya mtu wa miaka 25 na kumpata mtu wa miaka 32, jambo ambalo cheti chake cha kuzaliwa kilikuwa kimeshalisema.

Haki itendeke kwa upande wa pili pia. Max Scherzer alisaini na Washington Nationals mwaka 2015 akiwa na miaka 30, dola milioni 210 kwa miaka 7. Akiwa kwao alitwaa tuzo ya mrushaji bora mwaka 2016 na 2017, na mwaka 2019 wakabeba ubingwa. Kuna pia wale wachache wanaopanda ligi kuu wakiwa wadogo sana. Juan Soto alianza akiwa na miaka 19, hivyo akawa huru akiwa na 26, na New York Mets walimpa dola milioni 765 kwa miaka 15 mwezi Desemba 2024. Ukimwona mchezaji huru wa umri huo, hesabu ya kuzeeka haikusumbui kwa miaka kadhaa. Shida ni kwamba wa aina yake hawaonekani kila mwaka.

Faida kubwa ya mchezaji huru ni taarifa. Amewakabili wapigaji walewale, kwa mpira uleule, kwenye viwanja vilevile, mechi mamia. Unajua bega lake liliuma lini na lilipona lini. Hakuna kukisia.

Ila bei iliyotangazwa siyo gharama yote. Klabu inayoachwa inaweza kumwekea mchezaji wake ofa ya mwaka mmoja, inayokokotolewa kwa wastani wa mishahara 125 mikubwa ya ligi; kwa majira ya baridi ya 2024 ilikuwa dola milioni 21.05. Akiikataa na kusaini kwingine, klabu inayomchukua inapoteza nafasi ya kuchagua chipukizi katika drafti. Klabu inayolipa kodi ya anasa, ile tozo kwa timu inayozidisha mishahara, hupoteza nafasi mbili pamoja na dola milioni 1 ya fungu lake la kusajili vijana wa nje.

Na kodi yenyewe ni nzito. Kwa mwaka 2025 mstari wake uliwekwa dola milioni 241 za mishahara kwa timu nzima. Anayeuvuka mara ya kwanza hulipa asilimia 20 ya kilichozidi. Anayerudia na kuzidi sana hufikia asilimia 110. Maana yake dola moja ya mshahara inaweza kumgharimu tajiri zaidi ya dola mbili.

Japani: zabuni ya siri ilivyogeuka asilimia

Hapa ndipo mambo yananoga.

Mchezaji wa ligi ya kulipwa ya Japani hawi huru kwenda nje hadi atimize misimu 9 kwenye kikosi cha kwanza. Hideo Nomo alipita kwa ujanja mwaka 1995: alitangaza kustaafu Japani, kisha akaibukia Los Angeles Dodgers na kuwa chipukizi bora wa ligi yake. Mwaka 1997 klabu ya Japani, Chiba Lotte, iliwapa San Diego Padres haki za Hideki Irabu bila ridhaa yake. Akagoma, akasema ni Yankees au hakuna, na kwa Yankees akaishia. Baada ya vurugu hizo ligi mbili zilikubaliana mwaka 1998 kuweka utaratibu: klabu ya Japani ikikubali kumtoa mchezaji mapema, inamweka sokoni rasmi.

Utaratibu wa kwanza ulikuwa zabuni ya siri. Kila klabu ya Marekani inaandika kiasi chake bila kujua mwenzake ameandika nini. Mwenye dau kubwa anapata siku 30 za kuzungumza na mchezaji peke yake. Wakielewana, klabu ya Japani inalipwa dau lote. Wasipoelewana, mchezaji anarudi kwao na hakuna anayelipa chochote.

Fikiria ulivyo mtego. Mwaka 2006 Boston Red Sox waliandika dola 51,111,111.11 kwa ajili ya mrushaji Daisuke Matsuzaka wa Seibu Lions. Mchezaji naye, akiwa hana wa kuzungumza naye isipokuwa Boston, alipata milioni 52 kwa miaka 6. Jumla milioni 103, nusu kwa nusu. Boston walibeba ubingwa mwaka 2007, na 2008 Matsuzaka alishinda mechi 18 na kupoteza 3 (katika besiboli ushindi na kipigo huandikwa kwa jina la mrushaji). Baada ya hapo majeraha yakamwandama, na kwa miaka minne iliyobaki hakufikisha tena ushindi 10 kwa msimu.

Yankees, waliomkosa Matsuzaka, waligeukia Kei Igawa wa Hanshin Tigers. Dau lilikuwa dola 26,000,194, hiyo 194 ikiwa idadi ya wapigaji aliowaondoa kwa straiki tatu, yaani mipira mitatu halali waliyoshindwa kuipiga, msimu ule Japani. Wakaongeza milioni 20 za mshahara wa miaka 5. Igawa alicheza mechi 16 tu za ligi kuu, akashinda 2, akapoteza 4. Kwangu huyu ni fundisho zito kuliko Pujols, kwa sababu Pujols angalau walijua ni nani. Mpira wa Japani ni mdogo kidogo na hauteleziki sana mkononi. Warushaji wanaoanza mechi kule hupanda kilimani, kile kichuguu wanachorushia mpira, mara moja kwa wiki, wakati Marekani hurudi baada ya siku nne au tano. Mrushaji anayetegemea kuuweka mpira pale hasa anapotaka anaweza kupotea kabisa akibadilishiwa mpira na ratiba.

Mwaka 2010 Oakland walishinda zabuni ya Hisashi Iwakuma kwa dau lililoripotiwa kuwa dola milioni 19.1, wakashindwa kuelewana naye, akarudi klabu yake ya Japani, Rakuten. Mwaka mmoja baadaye alikuwa huru, akajiunga na Seattle bila ada yoyote, na mwaka 2013 alishika nafasi ya tatu katika kura za mrushaji bora wa ligi. Wanaosubiri wakati mwingine hupata kwa bei ya chee.

Mwaka 2013 zabuni ya siri ikafutwa. Dau likawekewa ukomo wa milioni 20, na klabu yoyote iliyokuwa tayari kulilipa iliruhusiwa kuzungumza na mchezaji. Matokeo yalionekana papo hapo: Masahiro Tanaka, aliyemaliza msimu wa 2013 na ushindi 24 bila kupoteza hata mechi moja, alipata milioni 155 kutoka Yankees, na Rakuten wakaambulia 20.

Tangu 2018 hesabu ni ya asilimia. Klabu ya Japani inapata asilimia 20 ya milioni 25 za kwanza za mkataba, asilimia 17.5 ya milioni 25 zinazofuata, na asilimia 15 ya kinachobaki. Mchukue Yoshinobu Yamamoto, aliyesaini na Dodgers Desemba 2023 akiwa na miaka 25 kwa milioni 325 za miaka 12. Kwa milioni 25 za kwanza Orix walipata milioni 5. Kwa 25 za pili, milioni 4.375. Kwa 275 zilizobaki, milioni 41.25. Jumla milioni 50.625, karibu sawa na walizopata Seibu kwa Matsuzaka. Ila safari hii klabu iliyouza ilichukua chini ya asilimia 14 ya pesa zote, na nyingine zikaenda kwa mtu anayerusha mpira. Nafurahia mabadiliko hayo. Mkono ni wake.

Kwa mnunuzi, kuna mambo mawili ambayo mashabiki wengi huyaruka. La kwanza, ada inayolipwa klabu ya Japani haihesabiwi katika kodi ya anasa. Kinachohesabiwa ni mkataba wa mchezaji pekee. La pili, mchezaji anayetoka Japani hana ile ofa ya mwaka mmoja nyuma yake, hivyo hupotezi nafasi ya drafti. Klabu iliyokaa juu ya mstari wa kodi inaweza kulinganisha wachezaji wawili wenye mshahara sawa na kukuta wa Japani, pamoja na ada yake, ndiye nafuu.

Yoshida na Senga, Desemba moja

Kama unataka kuona njia mbili za kutoka Japani, kuwekwa sokoni mapema na kusubiri uhuru, zikitembea bega kwa bega, rudi Desemba 2022. Masataka Yoshida, mpigaji wa Orix, na Kodai Senga, mrushaji wa SoftBank Hawks, wote walikuwa na miaka 29. Orix walimweka Yoshida sokoni. Red Sox wakampa milioni 90 kwa miaka 5 na kuwapa Orix milioni 15.375. SoftBank walikuwa na msimamo wa kutowatoa wachezaji wao mapema, kwa hiyo Senga alisubiri hadi akatimiza miaka yake na kutoka akiwa huru. Mets walimpa milioni 75 kwa miaka 5, na SoftBank hawakupata hata senti.

Msimu wa kwanza Senga aliwaondoa wapigaji 202 kwa straiki tatu na kushika nafasi ya pili katika kura za chipukizi bora. Wa pili aliumia, akaanza mechi moja tu ya msimu wa kawaida. Yoshida alianza vizuri, wastani .289 mwaka wa kwanza, ila kama mlinzi wa nje hakuwa na nguvu, na kwa mpigaji wa aina hiyo milioni 105 na ushee ni nyingi. Somo ninalolichukua: anayekuja huru kutoka Japani ndiye nafuu kuliko wote kwa maana ya ada, lakini SoftBank walishautumia mkono wa Senga miaka mingi kabla ya Mets kuupata. Anayewekwa sokoni mapema ana ada, ila pia ana miaka zaidi mbele yake. Shota Imanaga yuko katikati: Cubs walimsaini Januari 2024 akiwa na miaka 30 kwa milioni 53 za miaka 4, wakawalipa Yokohama milioni 9.825, naye akashinda mechi 15 na kupoteza 3 mwaka wake wa kwanza.

Chini ya miaka 25, pesa haisemi

Kuna kundi moja lisiloingia kwenye hesabu yoyote kati ya hizi. Mchezaji wa nje aliye chini ya miaka 25 huhesabiwa kama chipukizi, na klabu inaweza kumlipa kutoka kwenye fungu dogo tu lililowekewa ukomo. Ndiyo maana Shohei Ohtani, Desemba 2017, alisaini na Angels kwa bonasi ya dola milioni 2.315 na mshahara wa chini wa ligi. Angesubiri miaka miwili angepata mamia ya milioni. Miaka sita baadaye, akiwa huru, Dodgers walimpa milioni 700 kwa miaka 10, huku 680 kati ya hizo zikiahirishwa hadi baada ya mkataba kwisha.

Roki Sasaki alifuata nyayo hizo Januari 2025: bonasi ya milioni 6.5 kutoka Dodgers, na Chiba Lotte wakapata robo yake, milioni 1.625. Linganisha na milioni 50 za Orix kwa Yamamoto, uone kwa nini klabu nyingi za Japani husita kumtoa kijana kabla ya miaka 25. Kwa klabu ya Marekani hakuna bei nzuri kuliko hiyo, lakini tajiri na maskini wako sawa, na mchezaji ndiye anayechagua. Silaha yako ni madaktari, makocha, mji, na namna unavyozungumza naye.

Vijana wa miaka 16 wa Jamhuri ya Dominika na Venezuela husajiliwa kutoka kwenye mafungu hayohayo, na hapo Afrika inaanza kuingia. Timu ya Lugazi ya Uganda ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za watoto kule Williamsport, Marekani, mwaka 2012. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alikuwa wa kwanza kutoka barani kufika ligi kuu, mwaka 2017 akiwa na Pittsburgh Pirates. Na Dodgers wameshasaini vijana wa Uganda. Ni njia ya bei nafuu na ya subira ndefu, haisaidii timu ya mwaka huu.

Basi uchague vipi?

Tazama kwanza umri wa kikosi chako. Kama nguzo zako zina miaka 23 hadi 26, nenda Japani au Korea Kusini ukatafute wa umri wao, wazeeke pamoja. San Francisco Giants walifanya hivyo na Lee Jung-hoo wa Korea, miaka 25, milioni 113 kwa miaka 6. Bega likamvunja moyo baada ya mechi 37 za mwaka wa kwanza, na bado naona ulikuwa uamuzi sahihi. Kama nguzo zako zina miaka 31 na dirisha la ubingwa linafunga, mchukue mchezaji huru unayemjua, mpunguzie miaka ya mkataba hata ikibidi umwongezee mshahara wa kila mwaka.

Tazama pia nafasi anayocheza. Kwa mrushaji mwenye mpira wa kasi au mpira unaozama ghafla, ningeiamini Japani. Kwa mpigaji ningekuwa mwangalifu zaidi, kwa sababu kasi ya warushaji wa Marekani huwaumbua wengi, na hakuna namba ya Japani itakayokuambia mapema nani ataizoea.

Mwisho, angalia kalenda. Mchezaji aliyewekwa sokoni ana siku 45 tu. Zikipita bila saini anarudi kwao. Mchezaji huru hana saa inayomkimbiza: Bryce Harper alikubaliana na Phillies siku ya mwisho ya Februari 2019, na Blake Snell, mrushaji bora wa msimu uliotangulia, alisaini Machi 2024 kwa miaka 2 tu na milioni 62 baada ya soko kumpoa. Kwa hiyo ningemfuata wa Japani kwanza, kwa dau ambalo nimeshaliandika na sitalizidisha. Akienda kwingine, soko la wachezaji huru bado liko wazi Januari, na kadiri Februari inavyosogea, mawakala ndio wanaoanza kupiga simu.